Mmoja kamera, mwingine daftari

Mama mmoja wa Kayenze, hapa Mwanza, ndiye aliyetufundisha kazi hii. Ilikuwa mwaka 1994, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitumbwi ya dagaa imeshaingia mwaloni, na mchanga wote kuanzia majini hadi kwenye vibanda vya chai umekuwa rangi ya fedha tupu. Mama yule alikuwa ameinama anatandaza dagaa kwa viganja viwili, anarudi nyuma hatua moja, anatandaza tena. Jua changa lilikuwa linampiga ubavuni. Nikainua kamera. Kabla sijabonyeza akasema, bila kuinua mgongo, "Baba, kwenu hakuna salamu?"

Niliona haya. Mke wangu, ambaye ni Msukuma wa Magu na ana adabu kunizidi, akasogea, akakunja goti kidogo, "Mwangaluka, mayu." Mama akaitikia, akajinyoosha, akajipangusa magamba mikononi. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo: "Hiyo picha ukiifikisha mjini, watu wakikuuliza huyu ni nani, utawaambia nini?"

Sikuwa na jibu. Mke wangu alifungua mkoba, akatoa daftari la shule, akaandika jina la mama yule, jina la baba yake, kijiji alikozaliwa, na watoto wake sita kwa kufuatana. Ndipo nikaruhusiwa kupiga. Wiki mbili baadaye tulirudi Kayenze na nakala ya picha, na hatukupata shida kumpata kwa sababu tulikuwa na jina la kuulizia. Aliiangalia muda mrefu, akaifunga ndani ya pindo la kanga. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa aliomba libaki kwa wanawe, lakini limo daftarini, ukurasa wa kwanza.

Tangu siku ile tumegawana kazi. Mimi nina kamera, yeye ana daftari. Kila likizo ya shule, maana mke wangu ni mwalimu, tunachukua mabegi yetu na kufuata ufuko wa Ziwa Viktoria: Magu, Lamadi, Bunda na Musoma upande mmoja, Sengerema, Chato, Muleba na Bukoba upande wa pili, na visiwani kila tulipopata nafasi kwenye kivuko. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na karibu nusu yake iko kwetu Tanzania. Miaka zaidi ya 30 haijatutosha kulimaliza.

Miaka mingi nilidhani sisi ni wa kwanza, mume na mke kuzunguka hivi na kamera. Sivyo. Walikuwapo Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, na habari zao zilinikaa sana tangu nilipozisoma. Walitoka Kansas. Walioana mwaka 1910, bibi akiwa na umri wa miaka 16. Bwana alikuwa amekwisha kuzunguka Pasifiki akiwa mpishi kwenye jahazi la mwandishi Jack London. Waliuza vitu vyao, wakabeba kamera za kuzungushwa kwa mkono, wakaingia baharini. Mwaka 1917 walikuwa kisiwani Malekula. Mwaka 1920 wakaenda Asia, Borneo ya Kaskazini, wakapanda mto Kinabatangan wakitafuta wanyama na watu wa kuwapiga picha. Kisha wakaja kwetu Afrika Mashariki, na huku ndiko walikopata jina.

Kuanzia mwaka 1924 walikaa karibu miaka minne kwenye ziwa dogo la volkano huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wakaliita Paradiso. Walijenga nyumba na chumba cha kusafishia filamu katikati ya msitu wa tembo. Mmoja wa waliowasaidia kwa fedha alikuwa George Eastman, yule mwenye kampuni ya Kodak, naye mwaka 1926 alifunga safari mwenyewe kwenda kuwatembelea. Filamu yao ya mwaka 1928 waliipa jina la Kiswahili, Simba. Simba wengi waliowapatia umaarufu walikuwa wa Serengeti, yaani majirani zetu kabisa: ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, lango la Ndabaka la hifadhi ile unalifikia kabla chai ya kwenye chupa haijapoa, na pua ya magharibi ya Serengeti inakaribia kugusa maji ya ghuba yetu ya Speke.

Mwaka 1932 mume na mke wote wawili walijifunza urubani. Mwaka 1933 wakarudi na ndege mbili za Sikorsky zenye uwezo wa kutua nchi kavu na majini. Moja waliichora milia ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Walianzia Cape Town, wakapanda kuja kaskazini, wakazunguka kiasi cha maili 60,000, na kulipiga picha bara hili kutoka juu kwa namna ambayo watu walikuwa hawajapata kuona. Watu wa Mwanza wa wakati ule hawakuwa wageni wa ndege. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua safari yake ya kwanza kutoka London kuja Afrika Mashariki, na kituo cha mwisho cha safari ile kilikuwa Mwanza. Barua zilizotiwa sanduku la posta London zilikuwa zinashukia huku, kando ya majabali haya.

Ndege ile ya twiga ndiyo iliyowarudisha Asia. Mwaka 1935 walikwenda nayo Borneo, wakaongeza jina la Borneo ubavuni mwake, wakapiga kambi Abai kwenye mto uleule wa Kinabatangan. Hapo ndipo ninapowaonea wivu wa kazi. Ndege inatua mtoni kama bata, unafungua mlango, na mbele yako mtini wamekaa nyani wenye pua ndefu kama bamia, wasiopatikana popote duniani ila kisiwa kile. Filamu ilitoka mwaka 1937, lakini Martin hakuiona ikionyeshwa. Ndege ya abiria waliyopanda ilianguka karibu na Burbank, California, tarehe 12 Januari mwaka ule, naye akafa siku ya pili yake. Osa aliumia vibaya akapona. Aliandika kitabu cha maisha yao, kikatoka mwaka 1940 na kuuzwa sana. Alifariki mwaka 1953.

Walikuwa hodari, na kazi yao ya wanyama ni hazina. Wanyama na mbuga walizozipiga leo zimebadilika au zimepungua, na bila wao tusingeziona zilivyokuwa. Ila kuna picha moja ya wawili wale ambayo imenishughulisha miaka. Martin yuko nyuma ya kamera anazungusha mkono wa mashine, na Osa amesimama kando yake ameshika bunduki. Ndivyo walivyofanya kazi. Mume anatazama ndani ya kioo, haoni pembeni. Mke anamlinda, mnyama akija anafyatua. Nilimwonyesha mke wangu picha ile. Akaitazama, akasema, "Na hawa walioko nyuma?" Nyuma kulikuwa na wanaume wetu, wamebeba masanduku vichwani. Majina yao hayakuwapo.

Sisemi hawakumtaja mtu hata mmoja. Yule msoma nyayo za tembo wa Marsabit, ambaye kwa herufi zao walimwandika Boculy, walimsifu sana, na bila yeye wasingepata tembo wale. Lakini wapagazi, wapishi, wanawake wa vijijini waliosimamishwa mbele ya kamera, hao walipita kama miti. Kongo walifanya vibaya zaidi. Katika filamu yao ya mwaka 1932, Congorilla, waliwapa Wambuti wa Ituri sigara kubwa na kuwapigia muziki wa jazi ili watazamaji wa Marekani wacheke. Hilo siwezi kulisamehe kwa kusema zama zile zilikuwa hivyo. Mtu aliyeulizwa jina lake kwanza ni vigumu kumfanyia mzaha wa namna ile.

Kuna wawili wengine wa kuwaweka upande wa pili wa mizani. Hugo van Lawick alizaliwa Surabaya, Indonesia, mwaka 1937. Mwaka 1962 jarida la National Geographic lilimtuma Gombe, kule Kigoma, kumpiga picha binti wa Kiingereza aliyekuwa akiwachunguza sokwe. Binti yule ni Jane Goodall. Walioana mwaka 1964, wakafanya kazi pamoja Gombe, Ngorongoro na Serengeti, mmoja kamera, mwingine daftari. Ndoa ilivunjika mwaka 1974, lakini Hugo alibaki na Serengeti yake. Aliishi kambini Ndutu miaka mingi na alifia Dar es Salaam mwaka 2002. Jane alifariki Oktoba 2025.

Daftari la Jane lilileta ugomvi kwa wataalamu. Wao walizoea kuwapa wanyama namba. Yeye aliwapa majina: Flo, Fifi, David mwenye ndevu za mvi. Wakamcheka. Lakini kwa sababu ya majina yale dunia nzima iliweza kufuatilia maisha ya sokwe mmoja mmoja, na Flo alipokufa mwaka 1972 gazeti la Sunday Times la London liliandika tanzia yake. Fikiria hilo. Sokwe wa Kigoma ana tanzia London, na babu zetu waliobeba masanduku ya kamera hawana hata mstari chini ya picha. Simlaumu Jane, yeye alifanya inavyopasa. Nasema tu jina lina nguvu ya kiasi gani.

Na Mwanza inajua uchungu wa kupigwa picha na kutoulizwa. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, raia wa Austria, kuhusu sangara na viwanda vyetu. Huku wote tuliiita filamu ya mapanki, yaani yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani. Ilishindania tuzo ya Oscar, ikazunguka dunia, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaishutumu hadharani, watu wakajaa barabarani mjini kuipinga. Sina nafasi ya kufungua upya mjadala ule, na wala sisemi kila kilichoonyeshwa ni uongo. Mapanki tuliyaona kwa macho yetu. Lakini nilipoitazama nilitafuta kitu kimoja: Mwanza ya watu wanaoamka, wanaosalimiana, wanaopeleka watoto shule. Haikuwamo.

Mwaka 1998 tulikwenda Ukara. Ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na tangu zamani wenyeji wake wamelima kama watu wanaolea mtoto mchanga. Ng'ombe hufungwa kwenye shimo ndani ya nyumba, samadi ikazolewa kwa kikapu kwenda shambani, na hakuna upenyo wa ardhi unaoachwa bure. Nilimaliza filamu sita: matuta, kina mama na vikapu, lile jiwe linalocheza ambalo kila mgeni hupelekwa kuliona, na mzee mmoja aliyesimama kati ya mawe ya shamba lake, mkono mmoja kiunoni. Hiyo ya mzee niliijua, hata kabla ya kusafishwa, kuwa ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Niliporudi mjini nilizipeleka studio moja. Dawa yao ilikuwa mbovu. Filamu zote sita zilitoka nyeusi tii, ukiziinua juani huoni hata kivuli.

Nililala bila kula. Kesho yake asubuhi mke wangu aliliweka daftari mezani, akaanza kusoma kwa sauti. Majina 41. Kila jina lina mahali alipokuwa amesimama, alichokuwa ameshika, alichosema. Aliposoma la yule mzee nikamwona tena, na mkono wake kiunoni. Mwaka uliofuata tulirudi, jina kwa jina, mlango kwa mlango. Watatu walikuwa wamefariki. Mzee alikuwapo. Alituona kwa mbali tukishuka kutoka kivukoni, akaniambia, "Mjukuu, nilijua mtarudi. Mliandika jina langu." Akaenda kusimama palepale. Picha ile iko ukutani kwetu sasa, na nyingine iko kwa wanawe.

Kuanzia hapo nilianza kulistahi daftari kuliko kamera, na Ukerewe ilinithibitishia. Kisiwa kile ndicho cha Aniceti Kitereza, aliyefanya kazi na mapadri wa misheni ya Kagunguli. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke wasiojaliwa mtoto, mke akachukuliwa na wazazi wake, mume akaenda kumrudisha. Dunia nzima ya Wakerewe imo mle: kilimo, uvuvi, pombe ya ndizi, salamu, uganga. Alisubiri miaka 35 hadi kitabu kilipochapishwa kwa Kiswahili, mwaka 1980; mwaka uliofuata akafariki. Angalia alivyokiita: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Majina manne, mume, mke na watoto waliokuja kuwapata. Hakuwa na kamera, lakini ukimaliza kitabu kile unaweza kuwatambua watu wake gulioni Nansio.

Sehemu moja tu tuliwahi kwenda bila mimi kutoa kamera mkobani, nayo ni makaburi ya Igoma. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wamelala Igoma. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, kwa hiyo mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni wangapi walikuwamo. Watu waliopanda na ndizi zao, na watoto mgongoni, na tiketi halali, hawakuandikwa popote. Mke wangu alisimama pale na daftari lake limefungwa kifuani. Hakuandika kitu siku ile. Tulipokuwa kwenye daladala kurudi mjini aliniambia kuwa tangu kesho ataandika na jina la yule aliye pembeni ya picha, hata kama ameonekana nusu uso.

Siku hizi kazi imekuwa rahisi kuliko zamani. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na kuvuka kwenda Sengerema, kulikokuwa kukitukalisha foleni ya kivuko, sasa ni kwa dakika chache. Tulilivuka wiki zile za mwanzo, tukashuka upande wa Busisi kutafuta mama lishe tuliyempiga picha zamani akiwauzia sato abiria waliokuwa wakingoja kivuko. Jina lake tulikuwa nalo. Watu watatu walituelekeza. Amehama na biashara yake, yuko barabarani sasa, na alipoiona ile picha yake ya zamani aliita wahudumu wake wote waje wamtazame alivyokuwa msichana.

Simu nazo zimefanya kila mtu kuwa mpiga picha. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, taa za wavuvi wa dagaa zinapojaa ziwani kama mji mwingine, vijana wamejaa kwenye majabali ya Capri Point wakizipiga. Nafurahi kuwaona. Lakini nikiwauliza mtumbwi ule ni wa nani, ni wa mwalo gani, wananitazama tu. Na majumbani hali ndiyo hiyohiyo. Wazazi wetu walivaa nguo zao bora wakaenda studio, nyingi wakati ule zikiwa za Wahindi na Magoa. Unguja ile Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930. Walikaa kwenye kiti cha studio, mkono juu ya meza yenye maua ya plastiki, wakalipa fedha yao. Picha zile ziko kwenye masanduku yetu, na nyuma hazina neno. Mimi mwenyewe ninayo picha ya bibi yangu amekaa na wanawake wawili. Bibi namjua. Hao wawili hakuna aliye hai wa kunitajia, maana sikuuliza mapema.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, leo ni siku ya mapumziko. Kama una mama, baba, shangazi au bibi aliye hai, toa picha zote sandukuni, keti naye mkekani na umuulize moja moja: huyu nani, mtoto wa nani, ilikuwa wapi, mwaka gani. Andika nyuma kwa penseli laini, usitumie kalamu ya wino, maana wino hupenya ukaja kuharibu uso mbele. Za kwenye simu ziandikie majina hukohuko kwenye simu. Ukikwama na jina, nenda kwa jirani mzee kuliko nyote. Sisi kwetu daftari limefika la 17, na Jumatatu tunaondoka kwenda Kayenze, kwa watoto wa yule mama.